Msituite kupamba kesho mliyokwisha kuiamua: barua ya wazi kwa wakuu wa makumbusho, matamasha ya sanaa na kampuni za teknolojia

Kwa Wakurugenzi na Wajumbe wa Bodi za makumbusho ya sanaa,
Kwa Waandaaji wa matamasha ya sanaa na teknolojia,
Kwa Watendaji Wakuu wa kampuni za teknolojia zenye programu za kualika wasanii,

YAH: WASANII WANAOWAZA KESHO KUACHWA NJE YA VYUMBA VYA MAAMUZI

Waheshimiwa,

Salaam. Ninawaandikia nikiwa msanii ninayefanya kazi kwa kompyuta, kamera na data. Ninaandika hadharani kwa sababu njia ya faragha tumeitembea hadi mwisho wake. Mimi na wenzangu tumewatumia barua pepe, tumejaza fomu zenu za tathmini baada ya kila maonyesho, tumekaa kwenye vikao mlivyoviita vya kusikilizana. Jibu limekuwa lile lile: limepokelewa, linafanyiwa kazi. Hatujaona kilichofanyiwa kazi. Barua yetu ya mwisho haikujibiwa kabisa, na ndiyo maana hii wanaisoma na watu wengine.

Kero yetu kwa ufupi ni hii. Mnatualika tuwaze mustakabali wa teknolojia na jamii, mnaziweka picha za kazi zetu kwenye mabango na ripoti zenu za mwaka, kisha mustakabali wenyewe mnaupanga mahali ambapo hatujawahi kuitwa. Tunafika chombo kikiwa kimeshaundwa, kimeshapewa jina na kimeshapangiwa bei. Hapo tunaombwa tukivishe nguo nzuri.

Kabla sijaorodhesha madai, naomba niweke ushahidi mezani, maana mara nyingi tumeambiwa kwamba msanii ni mtu wa hisia na hisia haziongozi taasisi.

Mwaka 1974, msanii wa video Nam June Paik aliiandikia Rockefeller Foundation, taasisi ya ufadhili ya Marekani, ripoti iliyoeleza mtandao wa mawasiliano wa kuunganisha miji kwa satelaiti na nyaya. Aliuita barabara kuu ya kielektroniki, wakati ambapo watu wa kawaida hawakuwa na kompyuta nyumbani. Msanii Lynn Hershman Leeson alianza mwaka 1998 kutengeneza Agent Ruby, programu yenye uso wa mwanamke iliyozungumza na wageni mtandaoni na kujibu maswali yao, akaikamilisha 2002. ChatGPT ilitolewa kwa umma miaka ishirini baadaye, na ndipo dunia ikaanza kuuliza maswali ambayo Hershman Leeson alikuwa ameshayauliza: ukizungumza na kitu kisicho na mwili, unamwambia nani siri zako, na nani anazitunza?

Kuna kazi moja ambayo ningependa kila mmoja wenu asimame mbele yake kwa muda. Kati ya 2012 na 2013, Heather Dewey-Hagborg alizunguka New York akiokota nywele zilizodondoka, vipisi vya sigara na bigijii zilizotemwa na watu asiowajua. Alivipeleka maabara, akatoa vinasaba, akakadiria sura ya mwenye kitu kile, kisha akaichapa sura hiyo kwa mashine ya kuchapa maumbo. Ukutani unakuta uso wa ukubwa wa mtu mzima ukikutazama. Karibu yake kuna kisanduku chenye kile kilichookotwa, pamoja na picha ya mahali kilipookotwa. Hakuna jina. Unajikuta unahesabu ni vitu vingapi umeviangusha wewe mwenyewe tangu asubuhi. Miaka michache tu baada ya kazi hiyo, polisi nchini Marekani walianza kuuziwa huduma ya kukadiria sura ya mshukiwa kwa vinasaba. Msanii alikuwa ameshaufungua mjadala, lakini waliopaswa kuuendeleza waliuchukulia kama jambo la kwenye maonyesho tu.

Joy Buolamwini naye alianza na sanaa. Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani alikuwa akitengeneza kioo ambacho kingeupachika uso wa mtu sura nyingine, na programu ya kutambua sura ikashindwa kuuona uso wake mweusi mpaka alipovaa barakoa nyeupe. Kutoka hapo ukazaliwa utafiti alioufanya na Timnit Gebru, uliotoka 2018, ulioonyesha kwamba mifumo ya kampuni kubwa ilikosea jinsia ya wanawake wenye ngozi nyeusi kwa hadi asilimia 34.7, wakati kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Mwaka 2019 msanii Adam Harvey, aliyekuwa akifuatilia mikusanyo ya picha za nyuso, alisaidia kufichua mkusanyo wa Microsoft wenye picha milioni 10 za watu wapatao laki moja, na kampuni ikauondoa mtandaoni. Mwaka huo huo Trevor Paglen na Kate Crawford waliwaonyesha watu wa kawaida majina ambayo ImageNet, mkusanyo wa picha unaotumika kufundishia mashine, ungewabandika, yakiwemo matusi ya rangi na jinsia. Baada ya hapo wenye mkusanyo walitangaza kuondoa picha takriban 600,000 za watu.

Huo ni ukaguzi, waheshimiwa, na umefanywa bila nyinyi kuulipia. Sasa niingie kwenye madai.

1. Mnatuita wakati hakuna linaloweza kubadilika

Nilipokuwa msanii mwalikwa katika kampuni moja nilipewa meza, kompyuta nzuri na kadi ya kuingilia. Kadi ile ilifungua mlango wa kantini na mlango wa ukumbi wa maonyesho. Chumba walimokaa wanaobuni bidhaa haikukifungua. Nilipouliza niliambiwa ni utaratibu wa usalama, na kwamba ningepata wasaa wa kukutana nao siku ya uzinduzi. Siku ya uzinduzi walikuja, wakapiga picha mbele ya kazi yangu, wakaniambia inawafikirisha sana. Bidhaa ilikuwa imeshaingia sokoni.

Fikirieni mfano wa James Bridle. Mwaka 2017 alichora kwa chumvi duara mbili barabarani, moja ndani ya nyingine: ya nje mstari wa kukatika, ya ndani mstari usiokatika. Gari linalojiendesha na kutii alama za barabarani linaruhusiwa kuingia na linakatazwa kutoka. Linabaki pale katikati, limefungwa kwa chumvi. Ni mzaha mzuri kwa macho, lakini pia ni swali la kiufundi lililo wazi kabisa: mashine inayotii alama bila kuelewa sababu ya alama itafanya nini pale mtu mwingine anapozichora? Swali hilo lina thamani kubwa likiulizwa mezani, wakati mfumo bado unachorwa kwenye karatasi. Likifika kwenye ukumbi wa maonyesho miaka mitatu baadaye, linapigiwa makofi na kusahauliwa.

2. Mnalipa kila mtu isipokuwa msanii

Mwishoni mwa Novemba 2024, kikundi cha wasanii waliokuwa wakiijaribu Sora, programu ya OpenAI ya kutengeneza video kutokana na maneno, kiliiachia programu hiyo kwa umma pamoja na barua ya wazi. Walisema mamia ya wasanii walikuwa wakitafuta kasoro, wakitoa maoni na kufanya majaribio bila malipo, kwa kampuni yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 150, na kwamba video zao zilipaswa kuidhinishwa na kampuni kabla ya kuonyeshwa. Mlango ulifungwa ndani ya saa chache. Kampuni ikajibu kwamba ushiriki ulikuwa wa hiari.

Neno hilo, hiari, tumelisikia mara nyingi. Msanii anayetafuta pa kuonyesha kazi yake hana hiari pana mbele ya taasisi yenye ukumbi, kamera na majina ya waandishi wa habari wote. Anaambiwa kwamba kushiriki kutamtangaza. Jina likishatangazwa haliilipi kodi ya nyumba.

Hata pale fedha zinapopatikana, haziendi kwa aliyetoa jasho. Oktoba 2018, picha iliyotengenezwa kwa akili mnemba, Portrait of Edmond de Belamy, iliuzwa kwenye mnada wa Christie's kwa dola 432,500, wakati ilikuwa imekadiriwa kuuzwa kwa kati ya dola 7,000 na 10,000. Kikundi kilichoiuza kilikuwa kimetumia msimbo wa programu ambao msanii kijana Robbie Barrat alikuwa ameuweka wazi mtandaoni. Yeye hakupata kitu katika mauzo yale. Sisemi kwamba sheria ilivunjwa. Nasema wenye mnada, wenye makumbusho na wenye kampuni waliliona hilo kwa macho yao na hakuna aliyebadilisha utaratibu wake.

3. Kazi zetu zimelishwa mashine bila idhini yetu

Mkusanyo wa LAION-5B, uliotoka 2022, ulikuwa na jozi bilioni 5.85 za viungo vya picha na maelezo yake, zilizokusanywa kwa kupekua kurasa za intaneti. Programu za kutengeneza picha zilifundishwa kwa mikusanyo ya namna hiyo. Ndani yake zimo kazi za watu ambao hawakuulizwa. Januari 2023, wachoraji Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz walifungua kesi mahakamani Marekani dhidi ya kampuni za Stability AI, Midjourney na DeviantArt. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa Glaze, programu inayobadilisha picha kidogo sana, kiasi ambacho jicho haligundui kwa urahisi, ili mashine ishindwe kuiga mtindo wa mchoraji. Yaani tumefika mahali ambapo mchoraji anapaka kinga juu ya kazi yake kabla ya kuionyesha duniani.

Hili linawagusa makumbusho pia, wala wasijifiche nyuma ya kampuni. Mnapopiga picha za kidijitali za makusanyo yenu na kusaini mikataba ya ushirikiano na kampuni, kazi za wasanii walio hai zimo humo. Tumewauliza mara kadhaa mikataba hiyo inasemaje kuhusu kufundishia mashine. Tunaambiwa ni siri ya kibiashara.

4. Mfadhili anashika kalamu

Katika maonyesho mojawapo niliyoshiriki, mwenzangu alikuwa na kazi kuhusu watu wanaochuja picha na video za kutisha ili wengine tusizione. Karatasi ya maelezo aliyoiandika ilisema kwamba watu hao hutazama mauaji na ukatili kwa saa nyingi ili mashine ijifunze kuvitambua. Saa chache kabla ya wageni kuingia, karatasi ilibanduliwa na nyingine ikabandikwa. Hii ilisema kazi hiyo “inawaenzi watu wanaoifanya intaneti kuwa mahali salama”. Gundi ya karatasi ya kwanza ilikuwa bado inaonekana pembeni. Mwenzangu alipouliza nani ameamua, aliambiwa ni marekebisho madogo ya lugha.

Si jambo geni. Kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970, kundi la Experiments in Art and Technology, lililounganisha wasanii na wahandisi, lilijenga banda la Pepsi: kuba la vioo ndani, na nje ukungu halisi wa Fujiko Nakaya ukilifunika paa. Wasanii walipanga banda liwe na matukio hai yanayobadilika kila wakati. Muda mfupi baada ya kufunguliwa, kampuni iliyofadhili ilivutana nao juu ya gharama na ratiba, ikauchukua uendeshaji mikononi mwake. Jengo lilibaki, wazo likaondolewa. Na shinikizo halitoki kwa kampuni peke yake: mwaka 2020 nchini Ufaransa, Paolo Cirio alikusanya picha za nyuso za polisi ili kuonyesha hatari ya teknolojia ya kutambua sura, waziri wa mambo ya ndani akaja juu, na taasisi iliyopaswa kuionyesha kazi hiyo ikaifuta.

Kazi inayohoji teknolojia ikidhaminiwa na mwenye teknolojia, halafu mwenye teknolojia akapewa nafasi ya kupitia maandishi, mtazamaji anapaswa kuambiwa. Kwa sasa haambiwi.

5. Mnachagua nani anaruhusiwa kuwaza, na awaze nini

Mwaka 1971 makumbusho ya LACMA ya Los Angeles yalifunga mradi wake mkubwa wa sanaa na teknolojia kwa maonyesho ya wasanii wanaume pekee. Wanawake waliandamana kwa hoja na takwimu. Leo orodha zenu zimepanuka, nalikiri hilo, lakini kupanua orodha bila kufungua njia ni kujaza karatasi. Mwaka 2023 maonyesho ya usanifu majengo ya Venice, chini ya msimamizi wake Lesley Lokko, yalikuwa na washiriki 89, zaidi ya nusu wakitoka Afrika au katika jamii zenye asili ya Afrika. Mada ilihusu kesho. Watu watatu wa timu yake kutoka Ghana walinyimwa viza ya kwenda kwenye kazi waliyoiandaa wenyewe.

Wanaofika nao wanakuta wameshapangiwa cha kusema. Msanii kutoka Afrika anapoalikwa kuwaza kesho, mara nyingi ombi huja na picha za mfano: vinyago vinavyong'aa, vazi la angani lenye shanga, mji wa dhahabu. Akileta swali kuhusu nani anamiliki seva, yaani kompyuta zinazohifadhi data, anaambiwa halilingani na mada. Hapa nina jambo la kusema kwa kirefu, kwa sababu ndipo hasara yenu ilipo kubwa zaidi.

Jean Katambayi Mukendi anafanya kazi Lubumbashi. Anajenga mitambo kwa katoni na nyaya, na anachora balbu kubwa za ajabu, zilizojaa mistari na mizunguko kama saketi, alizoziita Afrolampes. Kongo inachimba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia kwenye betri za simu na magari ya umeme, na nyumba nyingi nchini humo hazina umeme. Ukiijua hali hiyo, balbu iliyochorwa kwa kalamu inakuwa hoja ya uchumi. Mawazo ya aina hii yanaanzia mahali ambapo teknolojia inachimbwa, inakarabatiwa na kutupwa. Cyrus Kabiru anatengeneza miwani kwa vyuma, waya na vipande vya vifaa vilivyotupwa. Bodys Isek Kingelez, aliyefariki 2015, alijenga miji mizima kwa karatasi na makopo ya vinywaji, kila jengo likiwa na kazi yake kwa wakazi. Wanuri Kahiu alitoa mwaka 2009 filamu fupi ya ulimwengu usio na maji, ambamo watu wanakunywa maji yaliyosafishwa kutoka kwenye jasho lao wenyewe. Hakuna kati ya hawa aliyehitaji kupewa picha ya mfano.

Na Mimi Onuoha ametukumbusha kwamba hata kisichohesabiwa ni uamuzi wa mtu. Mwaka 2016 alitengeneza kabati la mafaili lenye majina ya data ambazo hakuna aliyezikusanya. Unavuta droo, unatoa faili, unalifungua. Ni tupu. Kampuni zinazodai kwamba mashine zao zimesoma kila kitu zingefaa kuliweka kabati hilo mlangoni kwao.

6. Mnazindua kwa shangwe, kisha mnazima umeme

Hili nitalisema kwa kifupi. Kazi za kidijitali zinakufa haraka kuliko za rangi na turubai, na nyinyi mnalijua hilo siku mnapozinunua. Desemba 31, 2020, Flash, programu iliyotumika kuonyesha michoro na michezo mtandaoni, ilifikia mwisho wake, na kazi nyingi zilizotengenezwa kwayo hazifunguki tena kwa njia ya kawaida. Lakini pale taasisi inapotaka, inaweza. Makumbusho ya Guggenheim ya New York yaliikarabati Brandon ya Shu Lea Cheang, kazi ya mtandaoni ya 1998 na 1999, mstari kwa mstari wa msimbo wake. Korea Kusini, mnara wa Paik wenye televisheni 1,003 ulizimwa 2018 kwa sababu za usalama, na uliwashwa tena 2022 baada ya mafundi kutafuta runinga za zamani na kubadilisha zile zilizoshindikana. Kazi za wenzangu wasio na jina kama la Paik ziko kwenye diski ngumu ndani ya maboksi ya stoo, na mtu aliyejua nywila ameshahama kazi.

Najua mtakayojibu, kwa kuwa tumeshayasikia.

Mtasema bajeti haitoshi. Bajeti inayomtosha fundi taa, mpiga picha, mlinzi na mwenye vinywaji haiwezi kumkosa ghafla mtu ambaye jina lake limeandikwa juu ya mlango. Nchini Kanada, baada ya chama cha wasanii CARFAC kupigania suala hili tangu 1968, sheria ya hakimiliki ilirekebishwa 1988 ikatambua haki ya msanii kulipwa kazi yake inapoonyeshwa. Uswidi ina makubaliano ya malipo ya maonyesho tangu 2009. Ireland ilianza 2022 kuwalipa wasanii 2,000 kila mmoja euro 325 kwa wiki, katika mpango wa majaribio wa miaka mitatu. Nchi hizo hazikufilisika.

Mtasema bila wafadhili hakuna maonyesho. Mwaka 2019, baada ya msanii Nan Goldin na wenzake kuandamana ndani ya kumbi za makumbusho, National Portrait Gallery ya London iliachana na pauni milioni moja za familia ya Sackler, iliyotajirika kwa dawa za maumivu zenye uraibu, na makumbusho ya Tate na Guggenheim yakatangaza kutopokea tena fedha zao. Milango yao iko wazi hadi leo. Hatuwaambii mfukuze kila mfadhili. Tunawaambia mfadhili alipe na akae kwenye kiti cha mtazamaji.

Mtasema suala la data liko mahakamani, tusubiri. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili mnemba, iliyopata nguvu ya kisheria Agosti 1, 2024, tayari inawataka watengenezaji wa mifumo mikubwa wachapishe muhtasari wa walichokitumia kuifundisha. Nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha mapendekezo kuhusu maadili ya akili mnemba Novemba 2021. Na kumwomba mtu ruhusa hakuhitaji hukumu ya mahakama.

Mtasema, mwisho, kwamba msanii hana utaalamu wa kiufundi. Naomba mrudi kwa Buolamwini, Harvey na Hershman Leeson hapo juu.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunayaomba kwa maandishi.

Kampuni zenye programu za kualika wasanii ziwaweke wasanii hao kwenye hatua ya usanifu wa bidhaa, wakiwa na haki ya kuandika maoni yanayohifadhiwa na kujibiwa, pamoja na haki ya kusema hadharani walichokiona, isipokuwa siri halisi za kiufundi zilizotajwa moja moja kwenye mkataba. Kifungu cha jumla cha kunyamaza kiondolewe.

Kila maonyesho yatenge fungu la malipo ya msanii kabla ya fungu la uzinduzi, na kiwango kitangazwe. Majaribio ya programu yanayofanywa na msanii ni kazi, yalipwe kama kazi.

Makumbusho yachapishe mikataba yote inayohusu matumizi ya picha za makusanyo yao kufundishia mashine, na kazi ya msanii aliye hai isiingie humo bila saini yake.

Maelezo ya ukutani yabaki mali ya msanii na msimamizi wa maonyesho. Mfadhili akiomba badiliko lolote, ombi lake liandikwe pale pale ukutani, chini ya maelezo.

Waandaaji waanze taratibu za viza mapema, wazigharamie, na msanii akinyimwa, watangaze hadharani kwamba amenyimwa na kiti chake kiachwe wazi siku ya ufunguzi.

Kila kazi ya kidijitali inayonunuliwa iwe na mpango wa matunzo na fedha zake, na nakala ya msimbo ibaki kwa msanii.

Tunaomba pia kila bodi iwe na angalau wasanii wawili wenye kura kamili, waliochaguliwa na wasanii wenzao. Mjumbe mwalikwa asiye na kura hatumhitaji, tumeshakuwa wageni vya kutosha.

Tunasubiri jibu la maandishi kutoka kwa kila taasisi ndani ya siku 60 tangu barua hii kutoka, likieleza mnakubali lipi, mnakataa lipi na kwa sababu gani. Majibu yote tutayachapisha kama yalivyoandikwa. Taasisi isiyojibu tutaitaja, na hadi itakapojibu, sisi tuliokubaliana na barua hii hatutaonyesha kazi kwake wala kujaribu bidhaa zake.

Wenu katika kazi,

Msanii wa sanaa za kidijitali, kwa niaba yangu na ya wenzangu